Omu Nne

Zloti mia sita na ishirini
zimekunjwa ndani ya bahasha ya bili ya gesi:
ndiyo bajeti yangu, haina dada wala kaka.

Łódź, ghorofa ya tatu, nyuma ya karakana ya tramu,
spika mbili za marehemu baba zinanisubiri,
kila moja kimo cha mtoto wa darasa la pili,
mbao zimepauka upande wa dirishani,
kitambaa kimechanwa na paka aliyekufa kabla sijaoa.
Risiva ya zamani ilikata roho Jumapili
katikati ya filamu, muuaji hajatajwa jina.
Binti yangu Kalina akacheka: "Imekufa na siri."

Dukani, chini ya taa zisizojua usiku,
kijana mwenye tai nyembamba alinitajia wati
kama mshenga anayejisifia mahari isiyo yake:
mia na arobaini kila chaneli, chaneli saba,
matundu nyuma kama sega la nyuki,
sauti idondoke darini, sauti itambae sakafuni.
Nikamwambia dari yangu ni sakafu ya Bwana Fularski,
naye ana fimbo.
Hakucheka. Akanifungulia karatasi za mkopo.

Nikaenda soko la mitumba.
Bi Halszka, miwani moja machoni, nyingine utosini,
huuza vilivyofufuka.
Kabla sijamaliza salamu akauliza:
"Spika zako zina omu ngapi?"
Nikanyamaza kama mwanafunzi aliyesahau daftari.
"Chumba je, mita ngapi? Mnakaa mbali au karibu?
Unaposa, bwana, na jina la bibi arusi hulijui.
Wati mia na arobaini! Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.
Wamepima chaneli moja ikifanya kazi, sita zimelala.
Nenda kasome mgongo wa spika, kisha urudi."

Nikasukuma ile ya kushoto.
Sakafu ililia, vumbi la miaka thelathini likanisalimu,
kifungo cha koti la shule,
sarafu isiyonunua tena kitu,
na juu ya kibandiko kilichobabuka,
kwa penseli, mwandiko wa baba:
*Omu nne. Usivuke alama ya tatu.
Danuta analala mchana.*

Danuta ni mama.
Zamu ya usiku kiwandani,
pamba masikioni, pamba mapafuni.
Na mimi miaka yote nilidhani
baba alinunua spika kubwa ili mtaa usikie.
Alipanga foleni siku mbili kwenye theluji
apate kitu kikubwa cha kunong'onea.

"Nne," nikamwambia Bi Halszka.
Akaisogeza pembeni ile inayometameta:
"Hii itachemka, itajizima, utanitukana."
Akainua nyingine kwa mikono miwili, akiguna,
nyeusi, chaneli tano tu, nzito kama gunia la viazi;
intaneti haijui, ukiiita haiitiki,
rimoti yake ni ya ndugu yake.
"Uzito huu ni shaba. Transfoma.
Spika za omu nne hunywa umeme
kama mlevi siku ya mshahara.
Huyu ana pipa."

Mia tano na themanini. Akapunguza ishirini
kwa kuwa sikuulizia rangi.
Zilizobaki: waya mnene,
na keki ya jibini ya Kalina.

Usiku tukamalizia filamu.
Muuaji alikuwa daktari wa mifugo, kumbe.
Kalina alitaka mlipuko utikise vikombe;
nikaacha kitufe chini kidogo ya alama ya tatu,
ingawa kiti cha mama kina makoti sasa.
Kabla ya bastola kulia, daktari alimeza mate.
Nilisikia, upande wa kushoto, dirishani,
koo kavu la mtu mzima.
"Ongeza, baba."
"Ngoja kwanza."

Fimbo ya Bwana Fularski haikugonga.
Nikamhurumia:
sehemu nzuri ilimpita hivi hivi.